Kurudi Ikulu, na Waliobaki Nyumbani

Asilimia ya mshindi inaweza kupanda huku kura zake zikipungua. Katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 8, 2017, Rais Uhuru Kenyatta alitangazwa kupata kura kama milioni 8.2, asilimia 54. Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi huo Septemba 1, mpinzani wake Raila Odinga akajiondoa, na katika marudio ya Oktoba 26 Uhuru akapata asilimia 98, ila kwa kura zipatazo milioni 7.5.

Tanzania, Jakaya Kikwete aliingia Ikulu mwaka 2005 kwa asilimia 80 na kurejea 2010 kwa takriban 61. Kwake, kura na asilimia zilishuka pamoja: waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa. Barack Obama wa Marekani naye alishinda tena mwaka 2012 kwa kura pungufu ya zile za 2008.

Matokeo yanakaribiana, lakini kutopiga kura hakukuwa na maana moja. Katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ilikuwa kauli ya hadharani. NASA, muungano wa upinzani wa Raila, ilikuwa imetoa wito wa kususia, na wapangaji wa ploti moja Kayole au Mathare wangeweza kuachana mlangoni, huyu akienda kupanga foleni na kitambulisho mkononi, yule akikaa kwa makusudi. Mwezi Agosti mawakala walipiga picha Fomu 34A za matokeo zilizobandikwa kwenye milango ya madarasa. Oktoba, ususiaji wenyewe ndio uliokuwa ujumbe. Tanzania hapakuwa na wito kama huo, na wengi walikaa nyumbani bila tangazo.

Kila nchi pia ina namna yake ya kumsikiliza aliyeshindwa. Marekani, Mitt Romney, mpinzani wa Obama, alikubali matokeo usiku uleule. Kenya, katiba inampa siku saba za kwenda mahakamani. Tanzania, katiba inazuia mahakama kuchunguza matokeo ya urais yakishatangazwa, hivyo wabunge wa chama cha upinzani cha Chadema waliupeleka mgogoro bungeni, wakatoka nje Kikwete alipohutubia.

Hata hivyo, njia za Kenya na Tanzania zilikutana. Kikwete alianzisha mchakato wa katiba mpya. Uhuru alimpa Raila mkono nje ya Jumba la Harambee, Machi 9, 2018. Wote wawili walikuwa wameshinda, na wote wawili walilazimika kuwaendea watu ambao hesabu ya kura haikuwafikia. Ndiyo maana ushindi wa rais aliye madarakani haupimwi kwa asilimia pekee: unapimwa pia kwa jinsi anavyowajibu waliokaa nyumbani.