Kata, tahiri, keketa: maneno matatu na kisu kimoja

Ukitaka kujua Kiswahili kinavyolipenda neno kata, simama stendi ya Misuna, Singida mjini, kwa nusu saa tu. Abiria anakata tiketi ya Dodoma. Mwenzake anakata kiu kwa maji ya chupa. Dereva anakata kona, mara umeme unakatika na fundi simu anaanza kulalamika. Aliyeshindwa kesi anakata rufaa, aliyechoka anakata tamaa, anayekufa anakata kauli halafu anakata roho. Asiye na senti mfukoni yuko kwenye ukata. Na diwani wetu naye anaongoza kata.

Yaani lugha hii imeligawa neno hilo bure kwa kila mtu. Ndiyo maana nashangaa kwamba kuna jambo moja la kukata kwelikweli, kwa wembe na damu, ambalo Kiswahili kwa miaka mingi kililikwepesha neno hili. Nazungumzia kinachofanywa kwa watoto wa kike katika mkoa huu.

Zamani tulisema tohara, au kutahiriwa. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, na maana yake ni usafi. Lilitumika kwa wavulana wa jando, kisha likawabeba na wasichana. Sasa fikiria lilichofanya. Ukisema binti ametahiriwa, umeshasema amesafishwa. Na kama huyu amesafishwa, yule ambaye bado anaitwaje? Neno lenyewe lilikuwa limeshatoa hukumu kabla ngariba hajafungua kitambaa chake.

Kisha likaja ukeketaji. Kamusi za zamani zinaeleza kukeketa kuwa ni kukata kwa kisu kisichokuwa kikali, kama mtu anayehangaika na kitu kigumu. Ni neno linaloumiza hata kulisikia, na waliolipeleka kwenye mabango na redioni walitaka liumize. Kiingereza nacho kina mvutano huohuo. Wapo wanaotumia neno lenye maana ya kulemaza viungo, na wapo wanaoona afadhali kusema “cutting”, kukata tu, ili mzazi asijione ametukanwa kabla ya kusikilizwa.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, maarufu kama SOSPA, iliyofanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Kifungo ni kati ya miaka 5 na 15. Ungedhani hapo ndipo mjadala wa maneno ungeisha. Wapi! Singida lilikuwa na neno lake jingine: lawalawa.

Lawalawa ni jina la mtaani la maambukizi ya sehemu za siri na njia ya mkojo. Mtoto anawashwa, anavimba, analia akikojoa. Hospitali inatibu hali hiyo kwa dawa za kawaida, na maji safi yanasaidia kuizuia. Lakini watu waliambiana kwamba ni laana ya mababu, na kwamba dawa yake ni kukatwa. Watafiti waliofanya kazi mkoani hapa waligundua jambo la kushangaza: imani hiyo si ya kale kama inavyodaiwa. Ilianza kusikika baada ya Uhuru, pale serikali ilipoanza kuikemea mila. Kilichokuwa sherehe ya wasichana wakubwa, yenye ngoma na wageni, kikageuka matibabu ya mtoto mchanga, ndani ya nyumba, kimyakimya. Sheria ilikuwa inamtafuta mwali. Familia ikapeleka kichanga.

Hiyo ndiyo nguvu ya neno. Tohara ilikigeuza kisu kuwa maji. Lawalawa ilikigeuza kuwa dawa. Mama anayempeleka mwanawe “kutibiwa” hajioni mhalifu hata kidogo, na bango la ukeketaji akilipita barabarani haoni kama linamhusu.

Takwimu zinaonyesha kuna kinachobadilika. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 31 ya wanawake wa Singida wenye miaka 15 hadi 49 wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 20, wakati wastani wa nchi ni 8. Ni hatua. Ila wanawake hao wengine walikatwa miaka 20 au 30 iliyopita, kwa hiyo takwimu hizi hazituambii sana kuhusu mtoto aliyezaliwa wiki hii.

Katika kazi ya habari nimejifunza kubadilisha neno kulingana na aliye mbele yangu. Kwa bibi wa kijijini nauliza kwa neno lake, maana nikianza na ukeketaji mazungumzo yanafungwa hapohapo. Nikikaa kuandika, nachagua lile neno la kila siku, kata, na naangalia sana mnyambuliko wake. Kamba hukatika. Umeme hukatika. Hapo hatuulizi nani kafanya, kwa sababu kauli hiyo haina mtendaji. Mtoto hakatiki. Mtoto hukatwa, na Kiswahili kikishasema amekatwa kinaacha nafasi ya neno moja dogo linalofuata: na nani?