Tupa na Mashine ya Kukereza: Nafasi ya Mkono katika Karakana za Nyumbani Uingereza

Historia ya ufundi wa vyuma nchini Uingereza katika karne ya 19 aghalabu husimuliwa kama ushindi wa mashine dhidi ya mkono. Usimulizi huo una upungufu. Mwaka 1840 Joseph Whitworth alieleza namna ya kupata uso ulionyooka: mabamba matatu hulinganishwa mawili mawili kwa zamu, na vinundu huondolewa kwa kukwangua kwa mkono. Mabamba mawili hayatoshi, kwani moja laweza kubonyea na jingine kubinuka, yakapatana ilhali yote yana kasoro. Nyuso hizo ndizo zilizokuwa kipimo cha kuundia mashine.

Uhusiano huo ulidumu katika karakana za nyumbani, ambazo jarida la The Model Engineer la Percival Marshall lilizihudumia tangu mwaka 1898. Humo mashine ndogo ya kukereza, mara nyingi ikiendeshwa kwa mguu, ilikaa kando ya jiliwa. Mashine ilikereza vya mviringo; pembe na maungio yaliachiwa tupa. Hivyo, kumhesabu fundi wa tupa kuwa masalio ya kale ni kusahau kwamba usahihi wa mashine ulirithiwa kutoka mkononi mwake.