Matabaka ya Njia ya Tabora

Mwaka 1872, katika studio ya picha jijini London, mtoto aliyeletwa kutoka Tabora alisimamishwa mbele ya kamera. Mbele yake alisimama Henry Morton Stanley, mwandishi wa habari aliyerudi Ulaya kwa sifa nyingi baada ya kumkuta Dk. David Livingstone huko Ujiji. Stanley alikuwa amevaa nguo za safari. Nyuma yao wote wawili palitundikwa pazia lililochorwa mandhari, ili mtazamaji aone kana kwamba wamo porini, wala si ndani ya chumba katikati ya jiji.

Mtoto yule alijulikana kwa jina la Kalulu, ingawa hilo halikuwa jina lake. Mwaka 1871, Stanley alipokuwa Tabora, mfanyabiashara mmoja Mwarabu alimpa mtoto huyo kama zawadi, mtumwa mdogo. Jina alilokuja nalo Stanley aliliandika kuwa Ndugu M'hali, na kwa jinsi alivyolielewa lilihusu mali ya ndugu. Halikumpendeza, akambadilishia. Miaka sita baadaye, Machi 1877, katika safari nyingine ya Stanley, Kalulu alikufa maji katika maporomoko ya mto Kongo.

Itazame picha hiyo kwa utulivu, ndugu msomaji. Ina matabaka matatu. La mbele ni bwana, la kati ni mtoto, la nyuma ni Afrika ya rangi juu ya kitambaa. Wachoraji na wapiga picha hufanya kazi hivyo siku zote: huweka kitu mbele, kingine katikati, kingine nyuma, na jicho letu likaambiwa pa kuanzia na pa kuishia. Hakuna dhambi katika ufundi huo. Lakini Kiswahili kimetupa neno lenye maana mbili. Tabaka ni utando uliolazwa juu ya mwingine, na tabaka ni daraja la watu katika jamii. Katika picha ya London maana zote mbili zimekutana: aliyewekwa nyuma kwenye picha ndiye aliyekuwa chini katika maisha.

Naandika haya kwa sababu njia ya zamani ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, ndiyo pia njia ambayo Injili ilipita kuja kwetu magharibi. Tukikosea kuisoma picha ya njia hii, tutakosea kuisoma historia ya imani yetu.

Kwanza tuikumbuke njia yenyewe. Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857, hawakuifungua njia. Waliikuta. Wanyamwezi walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu, na Waarabu na Waswahili walikuwa wamekwisha kujenga nyumba za tembe na kupanda maembe. Pagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, ratili 70, begani au kichwani, kwa miezi. Pamoja na pembe walipita wanadamu waliofungwa minyororo. Biashara hiyo ilikuwa na mikono mingi: watemi waliouza mateka wa vita, Waarabu na Waswahili walioongoza misafara, Wahindi wa Unguja waliokopesha mtaji, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe kwa ajili ya vinanda na mipini ya visu. Hakuna kabila wala dini inayoweza kusimama pembeni na kusema haikuhusika.

Ulimwengu ulipotaka kuitazama njia hiyo, ulitengeneza picha. Baada ya michoro ya vitabu na picha za studio ikaja filamu. Mwaka 1939 kampuni ya Marekani, Twentieth Century-Fox, ilitoa filamu iitwayo Stanley and Livingstone, Spencer Tracy akiigiza nafasi ya Stanley. Wapiga picha walitumwa Kenya, Uganda na Tanganyika kurekodi nyika, wanyama na misafara ya wapagazi, na huko watu wengine walivalishwa nguo za mashujaa na kutembea wakionekana kwa mbali. Tracy mwenyewe aliigiza Marekani. Kisha vipande vikaunganishwa. Mafundi wa sinema wa wakati ule walikuwa na mbinu yao: nyuma ya mwigizaji huwekwa kiwambo, kiwambo humulikwa picha iliyopigwa mbali, na kamera ya mbele huzichukua zote mbili kama picha moja. Kwa ufundi wa namna hiyo mtu aweza kuonekana akitembea katika nchi ambayo mguu wake haujaikanyaga. Ni pazia la London tena, ila safari hii linasogea. Watu wetu wamo ndani yake, kweli, lakini ni mandhari.

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tumuulize aliyeunda. Nikisema hivi sitaki tuwachukie wazungu waliosimama mbele. Tabaka la mbele si lazima liwe uongo: Livingstone alikuwepo, aliteseka, na aliuchukia utumwa kwa moyo wake wote. Swali ni kama tutaishia hapo. Na ushahidi wa kwanza kwamba tusiishie hapo unatoka kwa Livingstone mwenyewe.

Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kando ya mto Lualaba, katika nchi ambayo sasa ni Kongo. Karatasi zilimwishia. Akachukua kurasa za gazeti kuukuu, The Standard la London, akazigeuza upande, akaandika shajara yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino uliopatikana kutokana na mmea wa huko. Kwenye kurasa hizo aliandika aliyoyaona tarehe 15 Julai 1871, watu wa wafanyabiashara walipowafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone alirudi Ujiji akiwa amevunjika moyo, na huko ndiko Stanley alikomkuta.

Mwanzoni mwa 1872 wote wawili walifika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, wakakaa katika tembe ambalo mahali pake leo ni makumbusho. Livingstone alikuwa amenakili habari zake kwa wino mzuri katika shajara kubwa. Akaifunga kwa lakiri, akamkabidhi Stanley, naye akaondoka Kwihara tarehe 14 Machi. Habari za Nyangwe ziliwatikisa watu wa Uingereza, na zilichangia msukumo uliomfanya Sultani Barghash atie saini mkataba wa Juni 1873 wa kufunga soko la watumwa la Unguja. Kwa hiyo maandishi yale yalizaa tunda jema.

Lakini zile kurasa za gazeti zilibaki. Wino ulififia, chapa ya gazeti ikaushinda, na kwa miaka kama 140 karibu hakuna aliyeweza kuzisoma zote. Mwaka 2011 wataalamu wa Uingereza na Marekani walitangaza matokeo ya kazi yao. Walipiga ukurasa mmoja picha nyingi, kila moja kwa mwanga wa aina yake, kuanzia mwanga ambao jicho halioni upande mmoja wa rangi za upinde wa mvua hadi ule usioonekana upande wa pili. Chini ya mwanga mmoja gazeti lilijitokeza, chini ya mwingine likafifia na mwandiko wa mkono ukasimama. Kwa kompyuta wakayalaza matabaka hayo moja juu ya jingine na kuyatenganisha, mpaka maneno yakasomeka.

Walipolinganisha na nakala iliyotoka Kwihara, waliona tofauti. Baadhi ya mambo yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe yalikuwa yamelainishwa au kuachwa. Na watu hao walikuwa nani? Walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi wa Unguja, walioajiriwa na kutumwa wamsaidie. Adui mkubwa wa utumwa alikuwa akihudumiwa na watumwa, na alipokuwa ananakili, kalamu yake iliogopa kuliweka tabaka hilo wazi.

Sitamhukumu. Nani kati yetu hajawahi kunakili maisha yake upya kwa wino mzuri? Tunaposimulia ushuhuda wetu kanisani tunachagua. Tunaposimulia historia ya usharika tunachagua. Hata hivyo, yaliyoandikwa chini hayafutiki kwa kuandika juu yake. Mwandishi wa Zaburi ya 139 alilijua hilo, ndiyo maana hakumwomba Mungu apitishe macho juu juu, bali auchunguze moyo wake. Sisi huhitaji taa nyingi ili kusoma ukurasa mmoja. Mungu husoma matabaka yote kwa wakati mmoja, na bado anatupenda.

Lakini si kila kufunika ni kuficha dhambi, na njia hii hii inatufundisha tofauti. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873, kijijini kwa Chitambo katika nchi ambayo sasa ni Zambia, Chuma, Susi na wenzao waliamua kuurudisha mwili wake pwani. Walizika moyo wake chini ya mti. Jacob Wainwright, Myao aliyeokolewa utumwani na kusomeshwa India, alisoma ibada ya maziko. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakauzungushia kitambaa, wakautia ndani ya gome la mti, wakashonea tanga juu yake na kupaka lami. Oktoba walifika Kwihara. Hapo Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliwashauri wamzike papo hapo. Walikataa.

Mbele ya Tabora, kwenye kijiji cha Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite. Ndipo wapagazi wale wakafanya kazi ya usanii ambayo hakuna studio iliyoishinda. Walitengeneza maiti ya bandia kwa mabua ya mtama, wakaizungushia nguo, na watu sita wakaibeba kwa heshima kurudi nyuma kana kwamba wanakwenda kuzika Unyanyembe. Walipofika msituni wakayatawanya mabua. Mwili wenyewe walikuwa wameufunga upya kama robota la kawaida la nguo, ukapita njiani kama mzigo miongoni mwa mizigo. Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Matabaka ya Kasekera yalitunza. Yalifunika ili ahadi itimizwe kwa marehemu asiyeweza kuwalipa. Huo ndio mzani ninaoupendekeza kwetu: je, ninachokifunika nakifunika kwa ajili ya nani? Nikifunika kumlinda mnyonge, huo ni upendo. Nikifunika kuilinda sifa yangu, wahenga wamekwisha kusema: mficha uchi hazai.

Jambo hili si la London wala la makumbusho. Ni la kwetu, hapa hapa. Katika makanisa ya Tabora, Urambo na Ujiji wanakaa kwenye benchi moja wajukuu wa wapagazi, wajukuu wa waliouzwa, na wajukuu wa waliouza. Wengi wetu tulilelewa na wazee ambao, wakiulizwa babu alitoka wapi, walibadilisha mazungumzo. Ukoo ukapewa, kabila likaazimwa, na juu yake pakapakwa rangi nyingine. Aibu hiyo haikuwa ya waliofungwa, lakini wao ndio waliobeba kazi ya kuificha.

Mwinjili Mathayo angeweza kutupatia ukoo wa Yesu uliopakwa rangi vizuri. Badala yake aliwaacha Tamari, Rahabu, Ruthu na mke wa Uria waonekane, kila mmoja na habari ambayo ukoo mwingine ungeizika. Hakuona aibu kwamba Mwokozi amekuja kupitia matabaka hayo. Basi na sisi tusione aibu.

Jacob Wainwright alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza kwenye mazishi ya Westminster, tarehe 18 Aprili 1874. Shajara yake, mwandiko wa Mwafrika aliyeshuhudia safari ile, ipo mpaka leo. Baadaye alirudi Afrika, na mwaka 1892 alifariki Urambo, mahali ambapo misheni ilikuwa imeanzishwa kwa wananchi wa Mirambo. Ni watu wangapi wa usharika huko wanalijua jina lake? Majina ya wamisionari tunayajua, tumeyaandika ukutani, na ni haki yao. Lakini kitabu cha usharika kina kurasa nyingine. Tukae na wazee wetu wakiwa bado hai, tuwaulize kwa upole nani aliyebeba tofali, nani aliyetafsiri mahubiri, nani aliyefika hapa na alama za mnyororo akabatizwa kwa jina jipya. Na kama bado lipo mtu anayelikumbuka lile la zamani, tuyaandike yote mawili.