Mwalimu Mtoro na Meli ya Kurudi Nyumbani

Kabla yetu sisi wa visa na barua za kukubaliwa, Waswahili walishakuwa kwenye vyuo vya Ujerumani. Tofauti ni kwamba wao hawakuitwa kusoma. Waliitwa kufundisha.

Mwaka 1887, enzi za Bismarck, taasisi ya lugha za mashariki ilifunguliwa Berlin chini ya chuo kikuu ambacho leo tunakiita Humboldt. Kwa Kijerumani iliitwa Seminar für Orientalische Sprachen. Ukiuliza Kiswahili kiliingiaje kwenye "mashariki", jua ramani ile ilichorwa kufuata haja za mwenye kuichora. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia Tanganyika, na walitaka maafisa, wafanyabiashara na wamisionari wa kutoa amri, kununua, kuhubiri na kuhukumu kwa lugha ya watu wa huko. Kabla ya bunduki kufika bara, mtu alikuwa ameketi darasani Berlin akijifunza kusema "njoo hapa".

Mpangilio wa darasa ulikuwa hivi. Mjerumani alieleza sarufi, kwa Kijerumani. Kando yake aliwekwa mtu wa pwani, cheo chake Lektor, na kazi yake ilikuwa matamshi, mazungumzo na kusahihisha. Suleiman bin Said alifanya kazi hiyo, kisha Amur bin Nasur, wote kutoka Zanzibar. Amur aliandika habari za maisha yake na za jiji la Berlin, zikachapishwa mwaka 1894.

Kazi hiyo naifahamu, kwa sababu ndiyo inanilipia keja. Nasomea uzamili wa historia katika chuo kimoja huku, na mara mbili kwa wiki nakaa na wanafunzi wa Kijerumani tupige stori kwa Kiswahili. Mimi ni mtoto wa Eastlands, Kiswahili changu kimepitia kwenye mathree na kwenye Sheng. Wao ngeli wamezimeza zote. Msichana mmoja aliniuliza kwa nini nimesema "vitu yangu". Nikamwambia aje Umoja akaulize hapo stage. Alicheka, halafu akaandika "Umoja" kwenye daftari na kando yake akaweka nambari ya ngeli.

Lakini niliyetaka kumfikia ni Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alikuwa mtu wa Bagamoyo, msomi wa dini, na alifundisha kwenye taasisi ile ya Berlin mwanzoni mwa miaka ya 1900. Kama umewahi kusoma popote jinsi Waswahili wa zamani walivyooa, walivyocheza ngoma, walivyodaiana madeni au walivyoishi na watumwa wao, kuna uwezekano mkubwa habari hiyo ilitoka kwake. Kitabu kinaitwa *Desturi za Wasuaheli*, kilichapishwa Göttingen mwaka 1903, na jina lililokaa mbele ni la Carl Velten, Mjerumani aliyewahi kuwa mkalimani serikalini Dar es Salaam kabla ya kuwa mwalimu Berlin. Velten ndiye "aliyekusanya". Kukusanya ni neno zuri sana. Hata mtu anayeokota maembe chini ya mti wa jirani anakusanya.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka uliofuata aliacha kazi, wakapanda meli kwenda nyumbani kwake. Fikiria safari yenyewe: kupitia Mfereji wa Suez, kushuka Bahari ya Shamu, wiki baada ya wiki, mume akimsimulia mke kuhusu mji wake. Meli ikafika Dar es Salaam. Bagamoyo iko kilomita 70 hivi kutoka hapo, si mbali. Serikali ya koloni ikakataa wasishuke. Mzungu aliyeolewa na Mwafrika alikuwa picha ambayo hawakutaka watu waione, hasa mwaka huo wa 1905, Maji Maji ikiwa imewaka kusini. Wakarudishwa Ulaya. Mtoro aliendelea kuishi kwa kufundisha na kutoa mihadhara, akafia Berlin mwaka 1927.

Hapo ndipo huwa nakwama kila nikisoma habari hii. Sisi tunaokuja huku tumezoea kuhesabu milango ya kuingilia. Mimi niliombwa yuro 11,904 kwenye akaunti iliyofungwa, zaidi ya milioni moja na nusu za Kenya, na mama aliita chama, kanisa na ukoo mzima hadi zikatimia. Benki hunitolea yuro 992 kwa mwezi, pesa zetu wenyewe, kama mtoto anayepewa za lunch. Ruhusa ya kufanya kazi ni siku 140 nzima kwa mwaka. Nikimaliza masomo, sheria inanipa miezi 18 ya kutafuta kazi. Yote hayo ni mlango wa huku. Mtoro alifungiwa mlango wa kwao, tena na watu waliokuwa wageni pale.

Mama hupiga simu Jumapili na swali lake ni moja: "Unarudi lini?" Simpi tarehe. Deni la chama bado halijaisha, na mshahara wa kulilipa uko huku. Lakini nikiamua kesho kwamba imetosha, nitakata tikiti, nitashuka JKIA na hakuna atakayenizuia mlangoni, hata nikiwa nimemshika mkono mtu wa rangi gani.

Muhula huu nimewapa wanafunzi wangu kurasa chache za Mtoro kuhusu harusi. Tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1981 ilimtaja yeye kuwa mwandishi, kwa hiyo nimechapa jina lake juu ya karatasi, kubwa, na Velten nimemweka chini kwa herufi ndogo. Yule msichana wa ngeli akasoma, akauliza kama mwandishi alirudi Bagamoyo. Tukaacha harusi. Nikawachorea ubaoni pwani, Bagamoyo juu, Dar es Salaam chini, na meli.