Pweza wa njano na mpira wa mita mbili

Wadau, kama nyumbani una jiko la gesi basi nusu ya habari ya leo tayari unaijua. Una mtungi, una regulata pale juu ya mtungi, na una mpira unaopeleka gesi jikoni. Mzamiaji naye anabeba vitu hivyo hivyo vitatu. (Sizungumzii wale wazamiaji wa melini, wa kujificha bandarini waende Ugiriki. Nazungumzia wanaoshuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni.) Tofauti ni kwamba mpira wa jikoni ukiwa mfupi, unasogeza mtungi. Mpira wa mzamiaji ukiwa mfupi siku mwenzake ameishiwa hewa mita 30 chini ya maji, wawili hao wanapanda juu wamebanana kifua kwa kifua, kila mmoja akivuta upande wake, na mmoja wao tayari ana hofu ya kufa.

Kwa hiyo wazamiaji wamebishana miaka mingi: mpira uwe na urefu gani, upite wapi mwilini? Nilipoanza kuifuatilia historia yake nilidhani ni ubishi wa mafundi. Kumbe ndani yake kuna swali jingine kabisa: hewa iliyo mdomoni mwako ni ya nani?

Huo mfano wa jikoni sikuuokota hewani. Mwishoni mwa 1942 Ufaransa ilikuwa chini ya Wajerumani na petroli ilikuwa adimu, magari mengi yakiendeshwa kwa gesi. Émile Gagnan, mhandisi wa kampuni ya Air Liquide, alikuwa na vali ya kulisha gesi kwenye injini. Akakutana na ofisa wa jeshi la majini aitwaye Jacques Cousteau, aliyekuwa akitafuta kitu cha kumpa mtu hewa pale tu anapovuta pumzi. Vali ya gari ikageuzwa kuwa pafu la chini ya maji.

Jaribio lao kwenye mto Marne, karibu na Paris, lilileta kituko. Cousteau akilala kifudifudi, hewa inakuja vizuri. Akisimama wima, hewa inamwagika ovyo. Akigeuka kichwa chini, anakosa pumzi. Sababu ilikuwa kwamba tundu la kutolea hewa na mahali regulata inapopimia presha havikuwa kwenye kimo kimoja, na majini hata tofauti ya sentimita chache ina presha yake. Dawa yake ilikuwa kuirudisha hewa iliyotumika hadi mgongoni, itokee pale pale ilipo regulata. Ndiyo maana kwenye picha za zamani unaona mipira miwili minene yenye mikunjo, mmoja kila upande wa shingo. Mmoja unaleta, mwingine unarudisha. Mwaka 1943 kifaa kikafanya kazi.

Ila mipira ile ilikuwa imefungwa na fizikia yake yenyewe. Ilipitisha hewa laini, iliyokwisha kupunguzwa presha, na yote ilitoka mgongoni kuishia mdomoni, basi. Mwenzako akiishiwa, mnapokezana mdomo mmoja: unavuta mara mbili, unampa, anavuta mara mbili, anarudisha. Akirudisha! Jaribu kumfikiria mtu aliyekaa sekunde kadhaa bila hewa, halafu umwombe arudishe.

Aliyeifungua fizikia hiyo ni Ted Eldred wa Melbourne, Australia. Alitaka kutengeneza kifaa chake bila kugusa hataza ya Wafaransa, na mwaka 1952 akaja na Porpoise. Kazi ya regulata aliigawa sehemu mbili. Ya kwanza inabaki kwenye mtungi na kupunguza presha kubwa. Ya pili, ambayo mimi nitaiita kipumulio, ikahamia mdomoni, na tundu la kutolea hewa likawa hapo hapo. Mpira wa pili ukakosa kazi. Ule uliobaki ukawa mwembamba, na hewa iliyomo bado ina nguvu ya kutosha ya kusukumwa. Hapo ndipo urefu ulipokuwa jambo la hiari: mpira wa mita mbili unampa mtu hewa karibu sawasawa na wa sentimita 70. Eldred hajulikani kama Cousteau, na kampuni yake baadaye ilinunuliwa na Air Liquide. Dunia ndivyo ilivyo.

Na kama mpira mmoja unatosha, kwa nini usifunge vipumulio viwili kwenye mtungi mmoja? Wakafunga. Cha pili wakakibatiza jina la pweza, kwa sababu ya mipira kutapakaa kama mikono yake. (Pweza ninayemfahamu mimi ni yule wa supu, lakini tuendelee.) Desturi ikajijenga: cha mdomoni kina mpira wa sentimita 70 na kitu unaopita juu ya bega la kulia, cha akiba kina mpira wa kama mita moja, rangi ya njano, kinabanwa kifuani. Mwenzako akiishiwa unampa cha njano, wewe unabaki na chako.

Sasa twende Florida. Kaskazini mwa jimbo hilo ardhi ni mawe ya chokaa, imetobolewa na mapango yaliyojaa maji maangavu. Vijana waliingia na wengi hawakutoka. Kwenye milango ya baadhi ya mapango hayo kuna vibao vyenye picha ya Mauti ameshika mundu, kuwaonya wasiofundishwa warudi. Pangoni hakuna kupanda juu. Juu ni jiwe. Teke moja la ovyo linatibua tope, na huoni mkono wako. Na kuna vipenyo ambavyo watu wawili hawawezi kupita bega kwa bega.

Mwalimu wa hesabu wa sekondari, Sheck Exley, ndiye aliyezichambua ajali hizo moja moja, na mwaka 1979 akatoa kijitabu chake cha misingi ya kuzamia mapangoni. Waliokufa, alionyesha, mara nyingi hawakuwa na kamba ya kuwaongoza mpaka nje, hawakutunza theluthi mbili za hewa kwa ajili ya kutoka, au walikwenda kina kirefu mno. Yeye na wenzake ndio walioufanya mpira mrefu uzoeleke: futi saba, yaani kama mita 2.1. Kipimo hicho kinatoka kwenye vile vipenyo. Mmoja anatangulia, mwingine anafuata nyuma, na bado wanavuta mtungi mmoja. Exley mwenyewe alifia Zacatón, Mexico, mwaka 1994, akijaribu kufika chini kabisa ya shimo hilo. Alikuwa na miaka 45.

Tatizo likawa: mita mbili za mpira unaziweka wapi? Wengine walizikunja na kuzichomeka kwenye mkanda wa mtungi, wao wakipumua kwa mpira mfupi. Kuzichomoa ilikuwa rahisi, kuzirudisha mahali pake ukiwa majini ilikuwa shughuli. Kundi lililofuata mtindo wa William Hogarth Main, mzamiaji wa Florida aliyekuwa akipunguza kila kisicholazimu, lilikuja na njia nyingine. Mpira mrefu unashuka ubavu wa kulia, unapita chini ya betri ya taa kiunoni, unakatiza kifua kwenda bega la kushoto, unazunguka nyuma ya shingo na kuingia mdomoni kutokea kulia. Kipumulio cha akiba kina mpira mfupi na kinaning'inia chini ya kidevu kwa kamba ya kuvutika, kama mkufu.

Umeona kilichogeuka? Mpira mrefu sasa ndio ulio mdomoni. Mwenzako akiishiwa, unachomoa unachopumua wewe, unampa, kisha unainamisha kichwa kuchukua cha mkufuni. Hoja yao ni nzito: cha mdomoni unajua kinafanya kazi, hakina mchanga, na kama umebeba mitungi yenye mchanganyiko tofauti wa gesi, ndicho chenye gesi isiyodhuru kwa kina hicho. Na mtu mwenye hofu, wanasema, atakurukia mdomoni hata usipompa.

Je, mzamiaji wa likizo anahitaji yote hayo? Hapa Nungwi, Mafia au Watamu hakuna paa la jiwe. Lakini hesabu ya hewa haibadiliki: mtungi wa lita 12 wenye presha ya 200 una lita 2,400, anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, mita 30 chini anatumia 80, na mkiwa wawili ni 160 au zaidi. Mnachohitaji ni kupanda mkiwa mmetulia, mkitazamana bila kuvutana.

Mita 2.1 bila betri kiunoni inabaki na kitanzi kinachoelea, usipokichomeka kwenye mkanda. Ndiyo maana wengi wa bahari ya wazi wanatumia mita 1.5, inayopita chini ya kwapa, kifuani na nyuma ya shingo. Wapo wa mita moja chini ya kwapa, bila kuzungusha shingoni. Mimi naona hiyo mita 1.5 ndiyo inayofaa, mradi kamba ya miwani na kitu kingine chochote visikae juu ya mpira, maana ukiutoa utanasa. Na kabla ya kuruka kutoka kwenye boti, mwenzako umwonyeshe kwa mkono kipi utampa. Yeye huenda alifundishwa kutafuta cha njano kifuani, na wewe huna.