Pumzi ya Mpiga Siwa

Merikebu za Vasco da Gama zilipotia nanga mbele ya Malindi mwezi wa Aprili 1498, mwandishi wa safari ile alieleza kwamba katika msafara wa Mfalme wa Malindi zilipigwa siwa mbili za pembe za ndovu, zilizonakishiwa, zenye urefu wa kimo cha mtu na tundu ya kupulizia ubavuni.

Nawe msomaji, yatafakari mapafu ya mpigaji wa siwa hizo: hayana misuli ya kujitanua yenyewe, bali kiwambo kilicho chini yake hushuka, mbavu zikainuka, kifua kikapanuka, na shinikizo la hewa iliyomo likapungua kuliko la nje kwa kadiri ya milimita 1 tu ya zebaki katika zile 760 za usawa wa bahari, na tofauti hiyo ndogo, subhana Allah, yatosha kuivuta hewa ndani.

Apumuaye kwa utulivu huilegeza misuli, na mapafu hunywea yenyewe. Ila mpiga siwa hana raha hiyo, kwani yampasa kuikaza misuli ya tumbo na ya mbavu hata shinikizo la ndani lilizidi la nje maradufu kwa maradufu ya pumzi ya kawaida, ndipo midomo itetemeke na pembe itoe sauti.