Tuskegee: Ukatili Uliochapishwa Majaridani

Tunapoutaja utafiti wa Tuskegee, wengi hudhani ulifanyika gizani. La hasha. Mwaka 1932 Idara ya Afya ya Umma ya Marekani ilianza kuwafuatilia wanaume Weusi wapatao 600 huko Alabama, 399 kati yao wakiwa na kaswende. Waliambiwa wana “damu mbaya”; hawakuambiwa kwamba lengo lilikuwa kutazama jinsi ugonjwa unavyowatafuna bila tiba. Hata penisilini ilipokuwa dawa ya kawaida ya kaswende, walinyimwa.

Matokeo yalichapishwa tangu mwaka 1936 katika majarida ya tiba, na vichwa vya makala vyenyewe vilitamka wazi kwamba kaswende hiyo haikutibiwa. Wahariri wakazipitisha. Mwaka 1965 daktari Irwin Schatz, baada ya kusoma mojawapo ya makala hizo, aliwaandikia watafiti kuwalaumu. Hakujibiwa. Utafiti ulikoma mwaka 1972, magazeti yalipoufichua kwa umma.

Mwaka 1975 Chama cha Madaktari Duniani kiliongeza katika Azimio la Helsinki kanuni kwamba ripoti za majaribio yaliyokiuka misingi yake zisikubaliwe kuchapishwa. Kanuni hiyo ilikuja wakati wengi wa wanaume wale walikwisha kuzikwa.

Mhariri si tarishi. Kabla ya kuuliza iwapo takwimu ni sahihi, hana budi kuuliza zilipatikanaje na ni nani aliyeumia. Nasi tunaowapandisha wahadhiri vyeo kwa kuhesabu makala zao, je, twaliuliza swali hilo?